Ombi Si Habari: Taarifa kwa Wanahabari Katika Changisho la Mtandaoni

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya jamii, Pwani ya Kenya

Wenyeviti, waweka hazina, akina mama wa vikundi vya akiba, vijana wa ufuoni, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Wengi wenu mna kiungo cha changisho ambacho kimeshazunguka makundi yote ya WhatsApp: la ukoo, la msikiti, la kanisa, la waliosoma pamoja. Sasa kimesimama. Wa kutoa wametoa. Hapo ndipo mmoja wenu husema, "Tuwaambie watu wa redio," akaandika ukurasa mmoja, akautuma kwa kila anwani ya barua pepe aliyoipata, na kimya kikafuata. Tuuangalie ukurasa huo.

Mhariri hatangazi ombi, anatangaza habari. Ukurasa unaoanza na "tunawaomba wahisani wajitokeze" humkuta mezani na kurasa nyingine za sampuli hiyo hiyo, na usipotupwa huishia kwenye dawati la matangazo. Mnajibiwa kwa orodha ya bei ya sekunde thelathini hewani. Msione mmedharauliwa. Mmeandika tangazo, nalo limepelekwa kunakopelekwa matangazo.

Mwaka 2013 vijana wa Nairobi walichangisha kwenye Kickstarter, mtandao wa Marekani wa kuchangia miradi, pesa za kutengeneza BRCK, kifaa cha kuunganisha intaneti kilichoundwa kwa sehemu ambako umeme hukatika. Walitaka dola 125,000 na wakapata zaidi ya dola 172,000. Kilichowapa waandishi cha kuandika ni kifaa chenyewe: betri ya saa nane, kimebuniwa Kenya, kinabadilisha mtandao chenyewe ukikatika. Haja ya pesa ilikuwa sentensi moja ndani ya habari hiyo. Ule mfano mwingine tunaopenda kuutaja, Kenyans for Kenya, changisho la Julai 2011 la kuwasaidia walioathiriwa na njaa, lililolenga shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja na kuzipita, tusiufanye kigezo. Chama cha wamiliki wa vyombo vya habari kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwenye redio hahitaji kuibembeleza redio. Sisi tunahitaji.

Basi tuseme tuna kikundi cha akina mama 46 wanaolima mwani kusini mwa Kwale. Wanataka mashine ya kusaga mwani mkavu ili watengeneze unga na sabuni wao wenyewe. Lengo lao ni shilingi 960,000. Kikundi hiki ni cha kubuni, tukitumie leo kama fundi anavyotumia kipande cha mbao cha kujaribia msumeno.

Habari iko wapi hapo? Haipo kwenye mashine. Mashine za kusaga zimejaa kila soko. Habari ni kwamba mwani mkavu huuzwa kwa makumi ya shilingi tu kwa kilo, unapakiwa na kwenda ng'ambo, na sasa waliousimamia majini wanataka kuacha kuuza malighafi. Hiyo ni habari ya uchumi. Ukiongeza kwamba maji ya bahari yanapopata joto mwani wa aina ya cottonii huoza shambani, hiyo ni habari ya mazingira, na itamfaa ripota mwingine kabisa kwenye chombo kile kile. Kabla ya kuandika neno moja, kaeni watano mjibu swali hili: ikiwa hakuna anayechanga hata senti, kuna nini hapa ambacho msikilizaji wa Lamu angetaka kukijua? Mkikosa jibu, taarifa hiyo bado haijaiva.

Sasa wakati. Kosa kubwa kuliko yote ni kutuma taarifa siku ile ile kiungo kinapofunguliwa. Mwandishi ataifungua kurasa yenu, na akikuta shilingi sifuri ataondoka. Msomaji naye ni vivyo hivyo. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kutia mkono kwenye kapu tupu la watu asiowajua. Hata kwenye harambee za kawaida mgeni wa heshima huja na bahasha ya rafiki zake. Kwa hiyo wiki ya kwanza iwe ya kimya: wanachama, jamaa, wateja wenu wa zamani, watu wa kijiji walioko Mombasa, Nairobi na Muscat. Mkifika kama asilimia 30, yaani 288,000 kwa lengo letu, ndipo taarifa ya kwanza itoke. Changisho la siku arobaini linabeba taarifa tatu: ya kwanza karibu siku ya tisa au ya kumi, ya pili kunapotokea jambo jipya katikati, na ya mwisho baada ya kufunga. Nimesema jambo jipya. "Tumefika nusu" si jambo jipya. "Banda limeezekwa", "fundi amekuja kupima umeme", "kikundi cha pili kimejiunga", hayo ni mambo.

Taarifa yenyewe iwe ya maneno 300 hadi 400, ukurasa mmoja. Juu kabisa andikeni "Taarifa kwa vyombo vya habari", tarehe, na kama inaweza kutumika mara moja au kuna zuio hadi siku na saa fulani. Zuio litumieni tu mkiwa na sababu, kwa mfano uzinduzi unaohudhuriwa na mtu ambaye hajathibitisha. Redio nyingi hazina muda wa kuyatunza mambo hayo.

Kichwa kiwe na maneno yasiyozidi kumi na mawili, kitenzi ndani yake, na idadi ikiwezekana. Linganisheni hivi viwili. Cha kwanza: "Kikundi cha Wanawake Chaomba Msaada wa Mashine". Cha pili: "Wakulima 46 wa mwani Kwale kuanza kusaga zao lao wenyewe". Cha pili msomaji wa taarifa anaweza kukitamka hewani bila kukigusa.

Aya ya kwanza ijibu nani, nini, wapi, lini na kwa nini, kwa sentensi mbili. Tuiandike hapa:

"KWALE, Jumatano – Akina mama 46 wanaolima mwani kusini mwa Kaunti ya Kwale wamekusanya shilingi 288,000 kati ya 960,000 wanazohitaji kununua mashine ya kusaga mwani mkavu. Mashine hiyo itawawezesha kutengeneza unga na sabuni badala ya kuuza mwani ghafi kwa wanunuzi wa nje."

Oneni pesa zilivyokaa. Zimekuja kama ukweli unaopimika, hazikuja zikipiga magoti. Neno "tafadhali" halimo, wala "wasamaria wema", wala "kwa moyo mkunjufu".

Aya ya pili ieleze tatizo kwa tarakimu zenu wenyewe: kilo ngapi mlikausha mwaka jana, mliuza kwa bei gani, kipande kimoja cha sabuni mnakiuza kiasi gani. Msikope takwimu za mtandaoni. Daftari la mweka hazina lina nguvu kuliko ripoti ya watu wa mbali, kwa sababu mwandishi akipiga simu mnaweza kulifungua.

Aya ya tatu ni nukuu, na hapa ndipo taarifa nyingi hufia. Nukuu isiwe "tunafurahi sana kuzindua mradi huu muhimu". Hakuna binadamu anayesema hivyo kwa mdomo wake. Mrekodini mwenyekiti akijibu swali kwa lafudhi yake, kisha muandike alichosema. Iwe sentensi moja au mbili, jina lake kamili na wadhifa. Na muulizeni kama yuko tayari kuyarudia mbele ya maikrofoni, kwa maana redio itampigia.

Aya ya nne ni mgawanyo wa pesa, na msiuone haya. Mashine 410,000. Banda na sakafu ya saruji 265,000. Kuunganisha umeme wa nyaya tatu 120,000. Vifungashio na kutafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, 95,000. Makato ya mtandao wa kuchangia na ya kutuma pesa 70,000. Jumla 960,000. Jumlisheni mara mbili, kisha mpeni mtoto wa darasa la sita ajumlishe mara ya tatu. Hesabu isiyolingana katika taarifa ya kuomba pesa ni habari pia, lakini si ile mliyoitaka. Lengo la mviringo, kama milioni moja kamili, humfanya mhariri ahisi halikuhesabiwa bali limekisiwa. Na makato wekeni wazi. Wachangiaji hukasirika zaidi kwa makato waliyoyagundua wenyewe kuliko kwa makato makubwa waliyoambiwa.

Kisha njia ya kuchangia, halafu aya moja ya kujitambulisha: kikundi kiliandikishwa lini, wapi, kina wanachama wangapi, kinafanya nini. Mwisho namba mbili za simu za watu wawili tofauti, wanaopokea simu. Mwandishi akipiga saa kumi jioni na simu imezimwa, hatapiga tena kesho.

Njia ya kuchangia inahitaji maneno zaidi, maana hapo ndipo pesa hupotelea. Gazeti na mtandao vinaweza kubeba kiungo. Redio haiwezi. Jaribuni kumsomea mtu kiungo chenye mikwaju na herufi za Kiingereza huku anaendesha matatu! Kwa redio andikeni toleo la pili la taarifa, maneno 120 tu, lenye namba ya Paybill, ile ya kupokea malipo kwa M-Pesa, na namba au neno la akaunti, mkitenga tarakimu mbili mbili au tatu tatu jinsi zitakavyosomwa, na ziandikwe mara mbili. Kama mnatumia M-Changa au mtandao mwingine wa kuchangia, jina litakalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa huenda lisiwe la kikundi chenu. Semeni hivyo ndani ya taarifa: "Ujumbe wa uthibitisho utaonyesha jina fulani." Bila sentensi hiyo, wachangiaji watano wa kwanza watapiga simu redioni wakisema wameibiwa, na mtangazaji ataiondoa habari yenu hewani kwa kujilinda.

Msitumie namba binafsi ya mwenyekiti. Mbali na shaka inayoleta, kuna ukomo wa laini yenyewe: akaunti ya kawaida ya M-Pesa haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Lengo letu ni 960,000, kwa hiyo laini itajaa katikati ya safari. Kwa mchango mkubwa taarifa iseme kuna akaunti ya benki ya kikundi, yenye watia saini watatu. Walioko Ghuba na Ulaya wanahitaji njia ya kadi. Kickstarter na GoFundMe hazimfungulii changisho mtu anayeishi Kenya na mwenye akaunti ya benki ya hapa tu, na hili wengine hulijua baada ya kuchapisha mabango. Mkiambiwa "binamu yetu wa Marekani atatufungulia," basi jina la binamu huyo, na namna pesa zitakavyofika Kwale, viandikwe ndani ya taarifa. Mhariri makini atauliza.

Nikiwa hapo hapo kwenye shaka: Kenya ina Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, inayohusu leseni za kuchangisha umma. Ulizeni ofisi husika kabla, na mkipewa kibali, namba yake iwekwe kwenye aya ya kujitambulisha pamoja na namba ya usajili wa kikundi. Tarakimu hizo mbili hufanya kazi kuliko sifa zote mnazoweza kujipa.

Picha. Gazeti linalopenda habari yenu lakini halina picha litaipa aya mbili tu. Likiwa na picha nzuri litaipa robo ukurasa. Tumeni picha tatu: moja ya kazi yenyewe, moja ya mtu wa nukuu, moja ya mahali mashine itakapowekwa. Kila moja iwe kati ya megabaiti 1 na 3, ile iliyotoka kwenye simu bila kupitishwa WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huibana hadi haifai kuchapwa. Chini ya kila picha andikeni maelezo: nani kutoka kushoto, wapi, siku gani, nani amepiga. Nembo yenu msiitume kama picha.

Mkitaka waandishi waje wenyewe, chagueni siku kwa bahari. Mwani hauonekani maji yakijaa. Pwani yetu kupwa kwa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huangukia takriban kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Hapo akina mama wako shambani, mwanga haujawa mkali sana, na mpiga picha wa televisheni ana muda wa kurudi mjini kabla ya taarifa ya jioni. Mkiwaita siku ya maji mafu, bahari isipokupwa sana, watapiga picha watu waliokaa kwenye viti vya plastiki. Picha hizo tunazijua, na wahariri wanazijua zaidi.

Waandishi hao msiwape bahasha. Najua mtu atasema ndivyo mambo yanavyokwenda. Kanuni za maadili za uanahabari nchini zinakataza mwandishi kupokea zawadi, na zaidi ya hayo, pesa hizo mtaziandika wapi kwenye hesabu ya wachangiaji? Usafiri wa pamoja kutoka Ukunda, wakiuhitaji, na maji ya kunywa vinatosha, na viandikwe.

Kutuma. Orodha ya waandishi kumi na watano mnaowajua kwa majina ina faida kuliko anwani mia mbili za "habari@". Anzeni na wa karibu: ripota wa kaunti wa Taifa Leo, Pwani FM, redio za jamii, waandishi wa kujitegemea wanaouza habari kwa vyombo vitatu kwa wakati mmoja. Hawa wa mwisho ndio hazina, kwa kuwa habari yenu ndiyo riziki yao. BBC Swahili na DW Kiswahili waje baadaye, mkiwa na jambo linalovuka mpaka. Joto la bahari linavuka, banda lenu halivuki. Zipo pia kampuni zinazosambaza taarifa duniani kwa mamia ya dola. Kwa changisho la ukubwa huu ni pesa zilizomwagwa baharini, maana wachangiaji wenu hawako huko.

Tumeni Jumanne, Jumatano au Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, ili taarifa iwe mezani wahariri wanapokutana kugawana kazi za siku. Ijumaa mchana watu wako msikitini na wengine wameshaanza wikendi. Maneno ya taarifa yabandikwe ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye faili la kufungua. Ripota aliye barabarani na bando la shilingi ishirini hafungui faili. Mada ya barua iwe kile kichwa cha habari, si "Taarifa kwa vyombo vya habari". Andikeni mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kila moja iandikwe upya kwa ajili ya msomaji wake. Kila mwandishi apate barua yake peke yake. Orodha ndefu ya majina juu ya barua inamwambia kwamba wenzake wote wanayo, kwa hiyo si lazima yeye aifanye.

Kesho yake pigeni simu moja. Msiulize "mmepata barua yetu?" kwa sababu jibu ni "nitaangalia" na mazungumzo yameisha. Semeni: "Kesho kutwa ni bamvua, akina mama watakuwa shambani saa tatu na nusu. Mnahitaji mtu wa kuzungumza au picha?" Akikataa, shukuruni. Msipige mara ya pili kwa habari ile ile.

Habari ikitoka, kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa maana gazeti halichangi. Kinachochanga ni kile kiungo cha gazeti mkikipeleka tena kwenye yale makundi yaliyokuwa yamesimama. Mjomba aliyepuuza ujumbe wenu mara nne atausoma wa tano akiona umetoka Taifa Leo. Wekeni picha ya ukurasa wa gazeti juu kabisa kwenye kurasa ya changisho, na muwe na mtu wa kujibu maswali kwa saa 48 za kwanza. Kama Paybill ni yenu wenyewe, toeni neno la akaunti tofauti kwa kila chombo, MWANI1 kwa redio, MWANI2 kwa gazeti. Mwisho mtajua ni wapi pa kurudi na wapi pa kuacha.

Kwa machangisho ya matibabu, taarifa ni ile ile lakini na kufuli mbili: ridhaa ya maandishi ya mgonjwa au mzazi wake, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na makadirio ya gharama kwenye barua ya hospitali ambayo mhariri anaweza kuonyeshwa. Mtoto asionyeshwe uso kwa sababu tu machozi yanavuta pesa.

Taarifa ya tatu, ile ya baada ya kufunga, ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Itoke ndani ya wiki mbili, kwa wale wale waandishi waliopewa ya kwanza. Zilipatikana ngapi, zilitumika vipi, kimenunuliwa nini, kimebaki nini. Ikiwa mlilenga 960,000 mkapata 750,000, na mtandao wenu unawaachia kilichopatikana hata lengo lisipotimia, andikeni hivyo hivyo: mashine imenunuliwa, banda limejengwa, umeme na vifungashio bado, wanachama watachanga kila mwezi wa mauzo hadi umeme uunganishwe. Ambatanisheni picha ya mashine, hata kama imesimama ikingoja umeme, na ya risiti, mkifunika namba za watu.

Muda umebaki wa maswali. Nimeona karatasi tatu nne za taarifa mikononi. Tuanze na ya mama aliyekaa karibu na dirisha, atusomee kichwa chake.